Michembe ya Mgonjwa Asiyekuwepo

Wiki iliyopita niliwaacha na dada Bernadina wa kanisani kwetu, yuko mlangoni kwangu, mtaa wa Kambarage, ameshika trei la mayai, na mimi nimetanua mabega katikati ya mlango ili asichungulie ndani. Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza kama aliingia. Hakuingia. Bora angeingia.

Kwa ambaye hakusoma, nitasema kwa kifupi, maana aibu yangu haina haja ya kurudiwa yote. Naitwa Thobias, naendesha bajaji hapa Shinyanga mjini. Mke wangu, Zipora, aliniambia anataka kwenda Nyarugusu, machimbo ya dhahabu kule Geita, kupikia wachimbaji, yeye na rafiki yake Ghati. Nikamjibu kwamba mwanamke akishaenda machimboni harudi akiwa mke wa mtu. Nililisema kwa ile sauti ya mwenye nyumba.

Kesho yake akafunga sufuria zake kwenye kiroba, akasimama pale uani, akaniambia, "Thobias, nakwenda kufanya kazi. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo."

Mimi sikusema hivyo hivyo. Mtu wa kwanza kuniuliza nilimwambia Zipora yuko ndani, macho mekundu, yanaambukiza, msikaribie.

Sasa macho mekundu hayakai mwezi. Yalipopona ikaja malaria. Baada ya malaria, tumbo. Baada ya tumbo, presha. Mke wangu yuko Nyarugusu mzima wa afya, anasonga ugali wa wachimbaji, na mimi huku Kambarage namuuguza magonjwa mpaka mengine nikayasahau majina. Jumuiya yetu ya kanisani ilimwombea kila wiki. Walileta machungwa, walileta unga wa uji wa lishe, walileta mayai. Nilipokea, nikasema asanteni, amelala. Kisha nikafunga mlango, nikala. Nilinenepa, siwafichi.

Mtasema kwa nini sikumpigia simu. Wiki ya kwanza alipiga yeye, mimi nikanuna, sikupokea. Nilipoanza kupiga mimi, iliita mpaka ikakata. Kila siku inaita, inakata.

Na mama yake je? Hapo ndipo uongo wangu ulipopata pa kuegemea. Mama mkwe wangu anaitwa Mbuke, anakaa Ngokolo, si mbali, na jumuiya yetu ya kanisani ni moja. Lakini kwao ni Wasukuma wa ile desturi ya zamani. Mama mkwe hakanyagi kwa mkwe wake, na mkwe hakanyagi kwa mama mkwe. Hampeani mkono, hamtazamani usoni, hamli pamoja. Chakula alichokipika mkwe kwa mikono yake, mama mkwe hakiweki mdomoni hata awe na njaa ya siku nzima. Akiwa na neno na mimi, anamwambia Zipora, na Zipora ananiambia, hata kama nimesimama hapo hapo nasikia kila kitu.

Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa salama. Mama mkwe alituma salamu za mgonjwa kupitia watu wa jumuiya, na mimi nikamrudishia salamu za mgonjwa.

Turudi kwa Bernadina. Aliniambia kwamba mdogo wake ni muuguzi, na amekwisha kumwomba aje na kipimo cha presha mpaka chumbani kwa Zipora, leo leo. Presha si kitu cha kuchezea, akasema. Nikamwambia tusimsumbue muuguzi wa watu. Akasema hasumbuki, yuko njiani.

"Amepona," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Bernadina akaweka trei chini, akainua mikono, akamshukuru Mungu pale pale kibarazani mpaka majirani wakatoka. Mimi nikaitikia amina. Nilidhani nimeruka shimo, kumbe nimelikanyaga.

Jumapili jumuiya ilikaa nyumbani kwa mzee Valerian, mwenyekiti wetu. Akatangaza pikiniki Jumamosi, kule bwawani nje ya mji, watu wote na familia zao. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila nyumba ilete chakula kimoja kilichopikwa nyumbani. Mwaka jana watu walileta chipsi za kununua, wakazila kwenye karatasi, na mzee alinung'unika mpaka Kwaresima.

Mimi nikawahi kunyoosha mkono. Nikasema kwangu tutaleta matikiti. Mzee Valerian akaniuliza tikiti linapikwa vipi. Nikasema basi soda. Watu wakacheka. Nikasema basi maji ya kunywa, kule bwawani kuna jua. Wakazidi kucheka, wakidhani nimefurahi kwa sababu mke amepona.

Ndipo Bernadina akasema, "Thobias acha utani. Zipora atatupikia michembe ya karanga."

Makofi yalipigwa kama Zipora mwenyewe kaingia. Michembe kila nyumba huku inayo, ni viazi vitamu tu vilivyokatwa na kuanikwa juani vikakauka. Lakini michembe ya mke wangu watu waliikumbuka. Kwenye ubatizo mmoja mwaka juzi walikomba sufuria mpaka ikang'aa. Nikajaribu kusema kwamba mgonjwa hajapata nguvu za kutwanga. Mzee Valerian akasema kazi ndogo ndogo zinarudisha nguvu, na zaidi ya hapo hakutaka kusikia.

Mama mkwe alikuwa pale, upande wa akina mama, amenipa mgongo kama kawaida yake. Yeye hakupiga makofi. Nilimwona akirekebisha kitenge begani, basi.

Wiki ile niliendesha bajaji akili iko jikoni. Abiria anasema Ndala, mimi nampeleka stendi.

Nilifikiria pilau. Lakini mimi pilau siijui, na ya kununua ni ya yule mama wa karibu na kituo chetu, na hakuna mtu Kambarage asiyeijua pilau ile kwa harufu. Nikafikiria chapati. Alhamisi nilijaribu. Ya kwanza niliivunja kwa goti. Ya pili nilimtupia mbwa wa jirani, akainusa, akanitazama, akaondoka zake.

Kitu pekee ninachokijua kupika ni dagaa, nilijifunza zamani nilipokuwa mwenyewe nachimba huko huko Nyarugusu. Lakini dagaa wangu ni wa wanaume waliochoka, na mtu akionja tu angejua hakuna mwanamke aliyesogea karibu na sufuria ile. Nikafikiria mayai ya kuchemsha, hayo hata mimi nayaweza. Kisha nikakumbuka mayai yaliyobaki ndani ni ya Bernadina. Nimpelekee mtu mayai yake mwenyewe niliyoyachemsha tu?

Na nikipeleka chochote kile kisicho michembe, wangeuliza kwa nini. Wangekuja nyumbani kuuliza. Wangekuja na muuguzi.

Nikasema basi nimtafute mwanamke anipikie. Nani? Nimwambie nini? Mwanamke nitakayemwomba anipikie chakula cha mke wangu, kwa siri, asubuhi na mapema, kabla ya saa sita Kambarage nzima ingesema Thobias ameleta mwingine na yule wa kwanza bado anaumwa. Kila mlango niliousukuma ulikuwa umefungwa kwa upande wa pili.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikaingia stoo. Kiroba cha michembe kilikuwa pale, ile aliyoianika Zipora mwenyewe msimu uliopita, amekifunga mdomo kwa kipande cha kanga yake. Nilikifungua, harufu ya jua na ya viazi ikanijia, nikakaa chini. Nilimkumbuka mke wangu vibaya sana, nasema kweli. Sikuwa nimejiruhusu kumkumbuka, nilikuwa na kazi ya kumuuguza.

Jumamosi asubuhi nikajifunga kanga kiunoni nisichafue suruali, nikatoa kinu uani, nikamwaga karanga, nikaanza kutwanga. Uzio wetu ni wa mabati, mtu wa nje haoni ndani.

Nikasikia sauti nyuma ya mabati. "Zipora."

Mchi ulibaki hewani. Ile sauti siwezi kuikosea. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya uzio wangu, na desturi haimruhusu kuingia, na mimi hainiruhusu kutoka.

"Zipora mwanangu, usiache kazi. Nimepita tu."

Nikaelewa, nikafurahi. Alikuwa amesikia mchi. Mwanaume gani wa Kisukuma anatwanga karanga? Amesikia mchi, akajua ni binti yake. Ilinibidi tu nisifungue mdomo. Nikatwanga tena, ile iwe ndiyo shikamoo yangu.

"Leo unatwanga kama mtu anayeponda mawe," akasema. "Polepole. Karanga hazijakukosea."

Nikapunguza.

"Na hizo ni mbichi. Nasikia. Zitoe, zikaange kidogo kwanza, zikipoa ndipo uzirudishe. Mimi nina muda, nitakaa hapa kwenye jiwe."

Nyie, nilizikaanga. Kanga inanivuka, nje mama mkwe anaimba taratibu wimbo wa kupalilia. Nilipozirudisha kinuni akanyamaza, akasikiliza, akasema sasa sawa. Kisha akaendelea kumwelekeza "Zipora" moja baada ya jingine: michembe ioshwe kwa maji ya moto, ichemke kwa moto mdogo mpaka ilainike yenyewe bila kupondwa, karanga ziingie mwishoni, chumvi iingie mwisho kabisa. Nilikuwa nashangaa kidogo kwa nini anamfundisha binti yake kitu ambacho alimfundisha toka utotoni. Lakini wazee hurudia mambo, nikasema moyoni.

Nilimsikia akiinuka kwenye jiwe. Kisha akasema, "Mumeo si mtu mbaya, Zipora. Anakupenda. Ila maneno ya watu anayaogopa kuliko anavyokupenda wewe. Hilo ndilo linalomtesa."

Nilisikia kandambili zake zikiondoka. Nilibaki nimeshika mchi, nimeumia. Kumbe hivyo ndivyo wanavyonisema nikiwa sipo.

Lakini michembe ilitoka nzuri. Sijui niseme nini, ilitoka nzuri. Nikaijaza kwenye hotpoti kubwa, ile ya harusi yetu, nikaoga, nikawasha bajaji. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: Zipora amepika, lakini kutwanga kumemrudisha nyuma, amelala. Nakaa saa moja, nakula, naondoka kumtazama mgonjwa. Wiki ijayo namtafutia ugonjwa mwingine, au safari ya kwenda kwa shangazi.

Kule bwawani walikuwa wametandika mikeka chini ya migunga, hotpoti zimepangwa mstari. Nikasema maneno yangu, watu wakanipa pole. Bernadina akafungua hotpoti yangu, akafumba macho. Kisha akaonja kwa kidole.

"Huyu kapona," akatangaza. "Mkono wake umerudi."

Nilicheka. Nilicheka sana, nikapokea sifa za mke wangu kama ni zangu, na safari hii zilikuwa zangu kweli. Nilitamani hata kuwaambia. Laiti ningewaambia pale.

Mzee Valerian akagonga sufuria kwa mwiko. Akasema kabla ya mtu yeyote kula, chakula cha binti kianze kwa mama aliyemzaa. Bernadina akapakua sahani imejaa, akampelekea mama Mbuke kwenye kigoda chake upande wa akina mama, naye amenipa mgongo, ila sahani naiona kwa pembeni. Watu wote wakageuka kumtazama.

Mama mkwe alishika sahani. Aliitazama kwa muda. Akachukua kipande kimoja kwa vidole, akakisogeza karibu na uso, akakinusa. Kisha akakirudisha sahanini, akachukua ncha ya kitenge chake, akafuta vidole, kimoja kimoja.

Nikaacha kucheka. Mama yule anapenda michembe kuliko nyama. Kuna chakula kimoja tu ambacho asingeweza kukiweka mdomoni.

Ponda mawe. Karanga mbichi. Polepole. Hakuwa amedanganyika hata kidogo. Alijua tangu mchi wa kwanza kwamba nyuma ya mabati ni mimi. Kwa kuwa hawezi kusema na mkwe wake, alisema na Zipora asiyekuwepo, na kila neno lilikuwa langu.

Bernadina akamuuliza kuna nini. Nikaona ndiyo mwisho wangu: akisema sili, nimekwisha, maana kila Msukuma pale angejua sababu.

"Nimeshiba tangu nyumbani," mama mkwe akasema. "Hiki changu kirudishe kwenye hotpoti, uifunike. Nakipeleka kwa mgonjwa."

Akina mama wakasema jamani mama ni mama. Mzee Valerian akasifu. Na mama mkwe akainuka, hotpoti mikononi, akatembea polepole mbele ya watu wote mpaka kwenye bajaji yangu, akaingia nyuma, akakaa.

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumpakia. Anapanda za wenzangu. Nilikwenda nikiwa nimeinamisha kichwa, nikawasha. Afadhali bajaji, dereva anatazama mbele.

Tulipofika barabarani akaanza kuongea. Hakuongea na mimi. Aliongea na hotpoti.

"Wewe hotpoti," akasema, "ukifika njia panda usikunje kwenda Kambarage. Kule hakuna mgonjwa. Nyoosha, twende Ngokolo."

Nikanyoosha.

Akaiambia hotpoti kwamba Zipora alirudi Alhamisi. Analala chumbani kwa mama yake, Ngokolo, tangu Alhamisi. Nilikanyaga breki bila kujua, nusura gari la nyuma litugonge. Wakati navunja chapati kwa goti, wakati nimekaa stoo nanusa kiroba, mke wangu alikuwa Ngokolo, na mimi ningeweza kupita mbele ya nyumba ile mara kumi nisijue, kwa sababu mkwe hachungulii kwa mama mkwe. Desturi iliyonifichia uongo wangu ndiyo hiyo hiyo iliyonificha mke wangu.

Akaendelea kuiambia hotpoti. Kule Nyarugusu Zipora alikuwa anapakulia wachimbaji siku moja, akaja muuza dagaa kutoka Shinyanga, akamwona, akaangusha tenga. Akamuuliza dada, si uko kitandani, si tunakuombea? Zipora akadhani mtu amelewa. Ghati ndiye aliyemhoji yule muuza dagaa mpaka yote yakatoka: macho, malaria, tumbo, presha. Wachimbaji wakacheka mpaka wakaacha kula. Tangu siku ile walimwita Mgonjwa. Mgonjwa lete ugali. Mgonjwa ongeza mboga. Akafunga sufuria zake.

Tulifika getini. Mama mkwe akashuka na hotpoti, akaingia, akarudishia geti. Nikasimama kwenye mstari ule wa vumbi ambao mguu wangu hauwezi kuuvuka. Ndani nilisikia kifuniko kikifunguliwa. Kijiko kikagonga sahani. Kijiko tena.

Kisha nikasikia sauti yake. "Chumvi haitoshi."

Maneno mawili tu, nikalisogelea geti. Nikaita, "Zipora." Sauti ilitoka ndogo. Nikaita tena. Ningeweza kusukuma geti lile kwa kidole. Lakini kuingia ndani kwa mama mkwe ni kumvua nguo mbele ya mtaa, na baada ya hapo hakuna mke wa kumrudisha. Nikashika geti kwa mikono miwili, nikasubiri.

Mama mkwe akatoka. Akaweka hotpoti juu ya ukuta wa geti, akageukia pembeni.

"Wewe hotpoti," akasema, "mwambie aliyekupikia: amekula. Amesema nyumbani kwa Thobias kuna mgonjwa, na yeye hajaugua hata siku moja. Alikwenda kufanya kazi. Kwenye kitanda cha mgonjwa harudi."

Nikajibu. Nilijibu hotpoti, maana ndiyo njia iliyokuwepo. Nikasema, "Hotpoti, mwambie nitawaambia watu. Kesho. Nitamwambia mzee Valerian taratibu, wawili wetu."

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Yaliyosemwa mbele ya watu yatolewe mbele ya watu. Leo, wakiwa wamekaa mkekani. Mimi nitakuwepo nisikie. Nikirudi na maneno hayo, anafunga sufuria zake anakwenda kwake. Nikirudi bila hayo, kesho asubuhi anapanda basi la Geita, na safari hii hatampigia mumewe simu."

Akaingia tena kwenye bajaji.

Njia nzima nilitafuta upenyo. Nikisema, jumuiya yote itanicheka mpaka nizeeke. Kijiweni wenzangu watanibadilisha jina. Bernadina hatanisalimia. Nisiposema, mke wangu anakwenda. Nilifikiria hata niseme kwa sauti ndogo, watu wasisikie vizuri. Kisha nikasikia yale maneno ya kwenye mabati, kwamba watu nawaogopa kuliko ninavyompenda. Niliona aibu peke yangu, mbele ya usukani.

Tulipofika, walikuwa wametusubiri. Mzee Valerian alikuwa amewasimamisha wote kwenye duara, wameshikana mikono, kwa sala ya shukrani. Bernadina alikuwa analia tayari. Akanivuta, akanishika mkono wa kulia kwa nguvu, mtu mwingine akanishika wa kushoto. Sikuwa na mkono hata wa kujifutia jasho.

"Thobias," mzee akasema, "tuambie. Mgonjwa amekula?"

"Amekula," nikasema.

Vigelegele vikapigwa. Mzee Valerian akasema wiki ijayo jumuiya yote itakuja kwangu kumwona, na muuguzi atakuja pia, kwa uhakika zaidi. Sasa Thobias aseme neno moja la shukrani, kisha tusali.

Nilimtafuta mama mkwe kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo kwangu, kama siku zote. Kisha akainuka, akakigeuza kile kigoda, akakaa tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama yule alinitazama usoni, mbele ya watu wote, na hakuinamisha macho.

Nikaachia mkono wa Bernadina.

"Jamani," nikasema, "kaeni kwanza. Yale mayai niliyala mimi."